Kasuku Anayekula Mudomoni

Kisangani, tarehe 8 mwezi wa sita 1955

Papa yangu Valère,

Sasa hivi mujukuu yako Berthe ametupa kijiko chini, amekimbia mpaka mulangoni akiita: "Papa! Papa amerudi!" Amefungua mulango kwa mikono yote miwili, ametazama barabara huku na huku, kisha amenigeukia. Papa yake hakuwa pale. Ni kasuku yetu, ile uliyotupatia siku ya ndoa, imekohoa. Inakohoa sawasawa na bwana yangu Octave: mara mbili kavu, kisha pumzi ya taabu, kisha "ee Mungu". Hata miye nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti.

Basi nisamehe, barua imeanza bila salamu. Jambo sana, Papa. Jambo kwa Mama. Mumeamkaje huko Opala? Maji ya Lomami yamepanda ao bado? Miye na Berthe tuko wazima kwa neema ya Mungu. Octave hapana.

Octave iko hopitali tangu Pentekoste. Ilianza na kichwa. Alirudi kutoka Simi-Simi, kule anakopakia mizigo ndani ya avion, zile ndege za chuma, akasema kichwa kinapasuka na mwanga wa jua unamuchoma macho. Nilifikiri malaria, nikamupa kinini. Kisha mwili ukawa moto, kikohozi kikavu kikaja, akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Sasa hata kukaa kitandani anaegemea bega langu. Wamemuchoma sindano za pénicilline mpaka matako yamekuwa magumu kama kwanga ya muhogo ya juzi, na moto haushuki. Wamemupiga picha ya kifua. Munganga, yule muzungu mwenye miwani, alinionyesha: pafu moja limefunikwa na wingu. Wametafuta kifua kikuu ndani ya makohozi, hawakuona. Watatafuta tena. Wakiona, watamupeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa kifua, na kule mutoto haingii.

Bon. Sasa jambo lenyewe. Alhamisi munganga aliuliza kwa kifaransa, na Jacques, infirmier, yule muuguzi anayetutafsiria, akageuza: "Nyumbani kwenu kuna ndege? Kuku, njiwa, kasuku?" Octave hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, lakini siku ile alikiinua. Akasema: "Hapana. Hatuna."

Papa, nilikuwa nimesimama pale pale, na unyoya wa kasuku ulikuwa umenata kwenye kikwembe nilichovaa. Nikauficha ndani ya kiganja. Muke hamukatai bwana yake mbele ya muzungu. Walipotoka nikamuuliza: "Sababu gani umesema uongo?" Akanijibu pole pole: "Honorine, ndege ni ya bokilo. Mutu hapana shitaki baba ya muke yake kwa wazungu."

Unakumbuka siku alipokuja kunioa. Mahari imewekwa chini, wajomba wote wameridhika, weye peke yako ulikuwa bado umekunja uso. Ukatoa kitoto cha kasuku kisicho na manyoya, ukamwambia Octave: "Mulishe." Yeye mutoto wa cité, wa mujini, hajui hata mahali pa kukishika! Ulitafuna mahindi na ngazi za muchikichi ili aone, naye akatafuna, akakipa mudomo wake, na kitoto kikaingiza kichwa ndani kama mutu anayetafuta ufunguo gizani. Ukacheka mpaka machozi. Ukasema: "Kasuku anayekula mudomoni anasema kama mutu, na mukwe anayelisha ndege yangu ni mutoto ya nyumba yangu." Tangu siku ile, kila kapu la vitoto vya kasuku unalotuma na mashua Octave analisha hivyo hivyo, mpaka ndege ipate nguvu ya kwenda kwa muzungu mununuzi na kupanda avion.

Papa, kuna jambo tulikuficha. Ndege ya kapu la mwisho haikuwa nzuri. Ilikaa manyoya yamesimama, macho yanatoka maji, mavi ya kijani. Nyingi imekufa. Octave alikataa nikuandikie. Ile iliyokuwa dhaifu sana ndiyo aliyoitafunia zaidi, kwa sababu inatoka kwako.

Miye si munganga. Lakini munganga haulizi ndege bure. Ninakuomba, andika neno moja tu kwa Octave, kwamba si haya kusema. Akisema, watajua wanapigana na nini. Atapona, Papa. Ninaamini hivyo kila asubuhi nikifunga kilemba.

Mashua inaondoka kesho. Ninangoja.

Mutoto yako,
Honorine

*

Opala, tarehe 19 mwezi wa sita 1955

Honorine, mutoto yangu,

Jambo. Barua yako imefika. Imelowa pembe moja, lakini maneno yote yanasomeka, kwa bahati mbaya.

Hapa tuko salama. Lomami haijapanda. Mama yako amelala, kichwa kinamusumbua. Miye nina homa kidogo ya kunyeshewa, itapita.

Alors. Ninakamata kasuku tangu sijaota ndevu. Papa yangu alikamata, na papa yake. Nimekula na ndege, nimelala na ndege, nimeitafunia chakula kabla ya kukutafunia weye. Kama ndege inaua mutu, basi miye ni muzimu tangu zamani, na weye umezaliwa na muzimu. Muulize munganga yako juu ya vumbi la Simi-Simi. Muulize juu ya moshi ya avion. Tena wazungu wenyewe ndio wanaonunua kasuku, wanaiweka kwao Ulaya kando ya meza ya chakula. Mbona wao hawafi?

Na ukisema, nini kitafuata? Watu wa serikali watakuja mpaka hapa na karatasi. Watachoma makapu. Watanisimamisha mbele ya wapandaji wangu wa miti ya kasuku kama mutu aliyeuza sumu. Octave amejibu vizuri. Amejibu kama mutoto ya nyumba. Hata ndugu zako wa kiume hawangenifunika hivyo. Usimuharibie jina.

Ninatuma majani. Chemsha, afunikwe blanketi, avute mvuke asubuhi na jioni. Samaki mukavu ni ya Berthe, mwambie imetoka kwa babu.

Kusema mbele ya munganga ninakukataza. Umenisikia.

Barua ni fupi kwa sababu mukono unatetemeka, na mwanga wa mulangoni unaniuma macho.

Papa yako,
Valère

*

Kisangani, tarehe 28 mwezi wa sita 1955

Papa yangu mupenzi,

Jambo sana, na magoti yangu iko chini mbele yako. Samaki imefika, Berthe amekula mpaka kichwa, sasa anauliza kama babu ana ingine.

Papa, barua yako imenikuta nimeshatenda.

Sikuweza kungoja. Mashua ilipoondoka na barua yangu, Octave alinitazama akaniita "dada", akaniomba nimuitie Honorine. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi. Zaina, jirani yetu, wa familia ya Waislamu wa hapa tangu zamani, alikuwa anaanika nguo. Unajua mudomo wake. Akaniuliza: "Unangoja nini?" Nikamwambia, barua ya Papa. Akasema: "Mashua ina tumbo kubwa na miguu mifupi. Ukishakuwa mujane, ile barua utaivaa kichwani?"

Nilimukasirikia. Kisha nikaingia ndani. Kasuku moja ilikuwa imekufa asubuhi ile. Niliifunga ndani ya jani la ndizi, nikaitia ndani ya sufuria, nikafunika, nikamuachia Zaina mutoto. Mulinzi ya hopitali akaona sufuria, akatabasamu: "Mama, leo umepikia bwana nini?"

"Kasuku."

"Kasuku! Basi usinisahau na muchuzi."

Nikapita. Niliweka sufuria juu ya meza ya munganga nikafunua. Jacques aliruka nyuma: "Ee mama! Funika!" Lakini munganga hakuruka. Alisogea, akafunga kitambaa mudomoni, akaitazama, kisha akanitazama miye kama mutu aliyeitwa jina lake mahali pa wageni. Akaanza kuuliza, na Jacques akageuza. Zimekufa ngapi? Nyingi. Nani alizilisha? Bwana yangu. Kwa mukono?

"Kwa mudomo," nikasema.

Jacques akasogea karibu nami. Akaniuliza chini chini: "Honorine, niseme hivyo kweli? Atafikiri nini juu yetu?"

"Sema hivyo hivyo. Onyesha na namna ya kutafuna."

Akaonyesha, maskini, infirmier mwenye koti nyeupe, akitafuna hewa na kupeleka midomo mbele. Munganga hakucheka. Alivua miwani, akakaa. Alisema alikuwa na shaka hiyo tangu sindano ziliposhindwa, ndiyo maana aliuliza, lakini mugonjwa akikwambia hakuna ndege utafanya nini? Ugonjwa huu una jina, psittacose, ugonjwa ya kasuku. Unakaa ndani ya mavi ya ndege, ndani ya vumbi la manyoya, ndani ya mudomo wake. Mutu anauvuta, unashuka mapafuni. Pénicilline haiuwezi vizuri. Kuna dawa mupya, Auréomycine, vidonge vya njano. Damu ya Octave imetumwa Léopoldville kuhakikisha, lakini munganga hakungoja Léopoldville. Alimupa dawa saa ile ile.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili jasho, mashuka matatu. Siku iliyofuata alifungua macho, akanitambua, na Jacques, kwa furaha, akamwambia kila kitu juu ya sufuria. Octave aligeukia ukuta. Akasema: "Umenivua nguo mbele ya bokilo." Nikamwambia: "Kasirika. Mutu anayekasirika anapumua." Jioni aliomba lituma. Papa, lituma! Nilitwanga makemba, zile ndizi za kupika, nikiimba kama mujinga.

Walikuja nyumbani watu wenye vitambaa usoni, wakachukua ndege yote, hata ile ya ndoa yetu. Berthe alilia, miye pia. Wamemwaga dawa sakafuni, wamesikiliza kifua cha Berthe, ni safi.

Sasa sikiliza, na usikunje barua. Unaniandikia mwanga unakuuma macho. Mukono unatetemeka. Mama ana kichwa. Octave alianza namna hiyo hiyo, neno kwa neno. Nilimupelekea Jacques ukurasa wako, akamusomea munganga. Munganga ameandika kwa Henri, infirmier ya dispensaire yenu, na dawa iko ndani ya mashua hii, ya watu wawili. Lakini ameandika pia kwamba Henri asitoe dawa ovyo: aulize kwanza kama mugonjwa anafuga ndege. Henri atakuja. Atauliza. Papa, mujibu.

Ulinikataza, na miye nimekataa. Nikija, nipige. Lakini uwe na nguvu ya kunipiga.

Mutoto yako,
Honorine

*

Kisangani, tarehe 19 mwezi wa saba 1955

Papa yangu,

Jambo. Jambo kwa Mama. Mumeamkaje?

Mashua imekuja bila barua. Ingine imekuja, nayo bila barua. Nilisimama bandarini mpaka walipofunga kamba. Nahodha anasema dawa aliiweka mukononi mwa Henri. Nikamuuliza juu yako, akaanza kuhesabu magunia yake. Nikamushika mukono. Akasema: "Muzee Valère hatoki nje siku hizi."

Kama umenikasirikia, niandikie matusi. Nitayasoma kwa furaha. Mama hajui kuandika, lakini atie hata alama ya kidole, nijue kidole kiko moto ao baridi.

Octave anakaa mwenyewe sasa, anatembea mpaka dirishani. Ameomba kalamu. Hapa chini ni mukono wake:

*Bokilo, jambo sana. Ni miye Octave. Nilimudanganya munganga kwa heshima yako. Honorine alinikasirisha, lakini leo ninakula na ninamuona mutoto yangu akicheza chini ya dirisha. Ulinifundisha kulisha, nikakufuata. Sasa ninakuomba unifuate weye. Henri akikuuliza, sema ndiyo. Si aibu. Hata munganga hakucheka.*

Ni miye tena. Mashua ijayo ikija bila neno kutoka kwako, nitamufunga Berthe mugongoni, nitapanda. Nitaingia nyumbani kwako bila kubisha, nitamuita Henri kwa sauti mpaka ng'ambo ya Lomami isikie. Unajua sauti yangu. Umenipa weye.

Mutoto yako,
Honorine

*

Opala, tarehe 3 mwezi wa nane 1955

Honorine,

Usipande mashua.

Jambo, mutoto yangu. Ninaandika nimekaa. Juzi nilijaribu nimelala, mistari ikapanda kama mchwa kwenye ukuta, mama yako akacheka, na nilipomusikia akicheka nikajua tuko hai sisi wawili.

Nitakueleza, kwa sababu mama yako anasema nisipoeleza atamuita mutu mwingine aandike.

Henri alikuja na dawa yako mfukoni. Nilikuwa juu ya mukeka siku nyingi, moto, pumzi fupi, mama yako kwenye mukeka mwingine. Akakaa chini, akaniuliza kwa adabu: "Muzee, ndege iko hapa nyumbani?" Nyuma ya ukuta kasuku zilikuwa zinapiga kelele mpaka hatukusikilizana. Nikamutazama machoni nikasema: "Ndege gani?"

Na yeye, Henri, ambaye miye ndiye niliyemufundisha kupanda miti, akainamisha kichwa. Akasema: "Ndiyo, muzee." Akainuka. Akaenda na dawa! Uso wangu ulikuwa salama, mutoto yangu. Uso peke yake.

Mama yako akainuka. Sijui kwa miguu gani. Alishika muchi wa kutwangia kama fimbo, akamufuata mpaka barabarani, na kikwembe kimoja tu mwilini, watu wanamuona. Akaita: "Henri! Rudi! Ndege iko! Bwana yangu anaitafunia chakula na mudomo wake huo huo wa kukudanganya! Mutoto yangu amesema mbele ya wazungu, na weye Henri, niliyekuona ukitambaa bila suruali, utamuogopa muzee aliyelala?" Nilitaka kwenda kumunyamazisha. Miguu ikakataa. Ndiyo maana ninaandika barua hii leo, kwa sababu miguu ilikataa.

Henri akarudi. Akauliza tena, mulango wazi, watu wamesimama nje. Nikasema: "Iko." Akauliza: "Na unailisha namna gani?" Nikasema. Neno lile lilikuwa zito kuliko gogo. Lakini wale wa nje hawakucheka. Mupandaji wangu mumoja akasema: "Miye pia kichwa kinaniuma tangu Jumapili." Na mwingine nyuma yake. Henri ameandika Kisangani dawa iongezwe.

Makapu yamechomwa, ndege pia. Siku ile sikuwa mutu mwema, nilimutukana Henri mpaka babu zake. Alizidi kuchoma akisema: "Ndiyo, muzee. Ndiyo, muzee." Sasa ninajifunza nyavu. Samaki wa Lomami hawanijui, na miye siwajui, tunatazamana tu.

Mwambie Octave nimesoma mukono wake. Hakuna kulisha tena. Yeye ni mutoto ya nyumba yangu hata akikaa kwenye kiti bila kufanya kitu.

Weye, kofi lako liko hapa. Sijasahau. Ngoja nipate nguvu.

Papa yako,
Valère

*

Kisangani, tarehe 15 mwezi wa nane 1955

Papa yangu, Mama yangu,

Jambo, jambo, jambo! Mara tatu, moja ya kila mutu hapa ndani. Leo ni sikukuu ya Mama Maria, nimewaombea kanisani, na nimeomba kidogo pia kwa ajili ya nyavu. Mama, kifua chako namna gani? Vidonge musiviache katikati hata mukijisikia vizuri. Munganga amekazia sana jambo hilo.

Octave amerudi nyumbani. Amekonda, suruali anaifunga kwa kamba, na anamuonea Berthe wivu wa uji. Simi-Simi wamemupa kazi ya kukaa, kuweka alama kwenye magunia, mpaka kifua kikomae. Nilimusomea barua yako. Nilipofika mahali pa kiti, aliomba nirudie. Kisha akatoka nje akakaa kwenye kiti bila kufanya kitu, anatazama barabara, anatabasamu peke yake. Zaina alipita akamwambia: "Wee, umekuwa chef, mukubwa wa cité?"

Papa, kuna kazi nimepewa. Siyo kazi ya mushahara, lakini kazi. Munganga anataka kujua nani mwingine katika cité ana ndege yenye ugonjwa, na kila mahali Jacques anapoingia na koti lake jeupe watu wanasema: "Hatuna." Juzi mutu aliapa mbele yake hana kasuku, na kutoka chumbani sauti ikasema: "Bonjour, monsieur!" Jacques akajibu bonjour, akaenda zake, afanye nini? Basi munganga akasema, muke yule wa sufuria aende naye. Ninaingia kwa mulango wa jikoni. Ninawaambia wanawake juu ya Octave, na juu yako pia, unisamehe, ninasema "papa yangu mwenyewe alikataa, na alikuwa karibu kufa". Wakisikia hivyo wanainuka wananionyesha tundu. Octave anasema nimekuwa polisi ya kasuku. Lakini amenitengenezea viatu.

Wiki iliyopita tulimukuta muzee mumoja ya kule Kapalata, askari wa zamani, moto, kichwa, na njiwa ndani ya chumba cha kulala. Sasa anakula. Kwa hiyo ile aibu yako, Papa, inatembea nyumba kwa nyumba na inafanya kazi vizuri kuliko miye.

Nilitaka kukuuliza kama mutakuja Noeli, kwa sababu Octave anataka

Ngoja kidogo. Zaina iko dirishani anapiga kelele: "Honorine! Acha karatasi, kuja mbio!" Anasema mutoto ya Odile, wa nyumba ya pili, ana moto tangu jana na pumzi inamupanda, Jacques amesimama mulangoni anauliza kama kuna ndege, na Odile anatikisa kichwa, anasema hapana, hakuna, na bwana yake aliteremka mashuani juma lililopita na kapu limefunikwa, miye mwenyewe nililiona, ninakwenda, nitaingia kwa jikoni, nitamushika Odile mukono, nitamwambia papa yangu mwenyewe alikataa, na alikuwa karibu kufa.